Herufi za Kiingereza Katika Kinywa cha Mtoto wa Likasi

Mtoto wa Likasi aingiapo shule ya sekondari amekwisha kuwa na lugha tatu kinywani. Nyumbani amenyonya Kisanga, au Kiluba, au Kibemba, pamoja na maziwa ya mama. Barabarani na sokoni asema Kiswahili cha Katanga. Darasani amefundishwa kusoma na kuhesabu kwa Kifaransa. Kisha mwalimu aingia na lugha ya nne, aandika ubaoni neno «name», awaambia watoto wasome. Mmoja asoma «na-me», kama Mswahili. Wa pili asoma «nam», kama Mfaransa. Mwalimu asema: «Hapana, ni neim.» Darasa zima lacheka, na yule wa kwanza ainamisha kichwa.

Tangu siku hiyo watoto wengi huamua moyoni ya kuwa Kiingereza ni lugha isiyo na sheria, au ya kuwa wao wenyewe hawana akili. Hakuna kweli katika hayo mawili. Yule aliyesoma «na-me» alisoma karibu sawasawa na Waingereza wenyewe walivyosoma neno hilo miaka 600 iliyopita. Na herufi alizozizoea katika Kiswahili chake zina udugu na Kiingereza kuliko anavyodhani. Lakini nani amemwambia? Basi katika makala haya twataka kueleza habari ya irabu na konsonanti: zilitoka wapi, zilifikaje Katanga, na mwalimu afanyeje nazo.

HERUFI SI SAUTI

Kwanza tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Herufi ni alama ya wino, huonwa kwa macho. Sauti ni pumzi, husikiwa kwa masikio. Pumzi ikitoka kinywani bila kuzuiwa, twapata irabu. Ikizuiwa na midomo, au meno, au ulimi, au koo, twapata konsonanti.

Kiswahili kina irabu 5, nazo zina herufi 5: a, e, i, o, u. Kila mtoto ana nguo yake, wala hakuna ugomvi. Kiingereza cha kusini ya Uingereza, ambacho vitabu vingi vya shule hukifuata, huhesabiwa kuwa na sauti 20 za irabu. Katika hizo 12 husimama mahali pamoja, na 8 huteleza kutoka mahali pamoja kwenda pengine, kama katika «day» na «go». Konsonanti zake ni 24. Lakini herufi za irabu ni zile zile 5 za Kilatini. Nguo 5 kwa watoto 20! Hawana budi kuazimana, na mara nyingine watoto wawili kuvaa nguo moja.

Matokeo yake twayaona katika sikio la mwanafunzi. «Ship», maana yake meli, na «sheep», maana yake kondoo, kwake ni neno moja. «Hat», «hut» na «heart», yaani kofia, kibanda na moyo, zote zaingia katika mlango mmoja wa a. Mtoto huyu si kiziwi. Lugha yake imemfundisha tangu utotoni ya kuwa tofauti hizo hazina maana, naye ameacha kuzisikiliza. Vivyo hivyo Mzungu afikapo Katanga hasikii namna sauti inavyopanda na kushuka katika Kiluba, ingawa kupanda na kushuka huko hugeuza maana ya neno. Kila sikio lina mipaka ya kwao.

JINSI KISWAHILI KILIVYOPATA HERUFI ZAKE

Hapo kale, Kiswahili cha pwani kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kiarabu kina alama 3 tu za irabu fupi: fatha, kasra na dhumma. Irabu 5 za Kiswahili hazikupata nafasi katika alama 3, hivyo msomaji alilazimika kukisia kama mwandishi amekusudia e au i, o au u. Twaona basi ya kuwa Waswahili wa kale nao walikuwa na shida ile ile ya nguo chache na watoto wengi. Walisoma vema kwa sababu walijua lugha kabla ya kujua maandishi. Jambo hilo mwalimu alishike, kwa kuwa tutalirudia.

Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Waanglikana, alifika Mombasa, na mwaka 1850 akachapisha kitabu juu ya sarufi ya Kiswahili, akitumia herufi za Kilatini. Mwaka 1848 katibu wa chama hicho, Henry Venn, alikuwa ametoa kanuni za kuandika lugha zisizo na maandishi. Mwaka 1864 Edward Steere alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Mwaka 1870 kitabu chake cha sarufi kilitoka, na watu wengi wakakifuata. Kanuni iliyoshinda yaweza kusemwa kwa maneno machache: irabu zisomwe kama za Kiitaliano, konsonanti zisomwe kama za Kiingereza.

Mwangalieni hapo, wasomaji. Kiitaliano kimehifadhi irabu karibu kama zilivyokuwa katika Kilatini, nazo zalingana vizuri na zetu. Lakini konsonanti ni za Kiingereza. Ch ya «chakula» ni ch ya «church». J ya «jina» ni j ya «John». Sh ya «shamba» ni sh ya «ship». Y ya «yai», w ya «wali», h ya «habari», zote zasomwa kama Mwingereza azisomavyo. Maana yake nini? Ni kwamba kila mtoto ajuaye kusoma Kiswahili amekwisha kujifunza sehemu kubwa ya konsonanti za Kiingereza, bila kuambiwa.

Wakatoliki nao hawakukaa bure. Padre Charles Sacleux, Mfaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyezaliwa mwaka 1856, alifika pwani yetu mwaka 1879, akakaa huko karibu miaka 20. Alikuwa mtu wa masikio makali ajabu. Mwaka 1905 alichapisha huko Paris kitabu kizima juu ya elimu ya sauti na matumizi yake katika lugha za Afrika, mwaka 1909 sarufi yake ya Kiswahili, na kati ya 1939 na 1941 kamusi yake kubwa. Yeye alisikia mambo ambayo Wazungu wengi hawakuyasikia, kama vile tofauti kati ya «paa» la nyumba na «paa» mnyama wa porini katika vinywa vya watu wa Mombasa: katika neno la pili p hutoka na pumzi nyingi. Kumbukeni p hiyo yenye pumzi, maana itatufaa.

Kiswahili kilifika bara pamoja na misafara ya biashara. Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, alijenga utawala wake Bunkeya, kaskazini ya Likasi, na watu wake Wayeke walijua lugha za mashariki. Mwaka 1885 Mapadre Weupe walikabidhiwa Mpala, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, wakafundisha dini kwa Kiswahili. Lakini nchi ilipoingia mikononi mwa Wabelgiji, macho ya watu yalizoea maandishi ya Kifaransa. Hata leo katika Kongo sauti ya ch huandikwa «tsh» katika majina, kama Tshombe na Tshikapa, kwa sababu Mfaransa aonapo «ch» husoma sh.

Basi mtoto wa Likasi aonapo «ch», mabwana wawili humwita. Kiswahili chamwambia: soma kama «chakula». Kifaransa chamwambia: soma kama «chaise». Akisoma «church» kama «shursh», kosa hilo amelipata shuleni. Sokoni angeisoma vema.

KIINGEREZA CHAFIKA KWA GARIMOSHI

Wengi hudhani Kiingereza ni kitu kipya Katanga. Sivyo. Mmisioni Frederick Stanley Arnot, Mskoti, alifika Bunkeya kwa Msiri mwezi wa Februari 1886, kabla Wabelgiji hawajakanyaga huko kwa nguvu. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na ndani yake zilikuwamo fedha za Waingereza wa kampuni ya Robert Williams. Njia ya reli ilifika Elisabethville mwaka 1910 kutoka kusini, katika Rodesia, na shaba ya kwanza iliyeyushwa huko mwaka 1911. Makaa ya mawe yalitoka Wankie. Mafundi wengi Wazungu walikuwa wasemaji wa Kiingereza, na wafanyakazi wengi Waafrika walitoka Rodesia na Nyasa. Migodini ilisikika Fanagalo, ile lugha chotara ya Afrika ya Kusini. Wamethodisti wa Marekani, wakiongozwa na John Springer, walifanya kazi katika sehemu za Likasi, na shule yao kubwa ilijengwa Mulungwishi.

Serikali ya Ubelgiji iliogopa. Iliona nchi ni yake kwa jina, lakini masikioni ni ya Waingereza. Baada ya vita ya 1914–1918 ilianza kugeuza mambo. Wafanyakazi wa Rodesia walipunguzwa, wakaletwa watu wa Kasai na baadaye wa Ruanda-Urundi. Watu hao hawakuwa na lugha moja, na Kiswahili kikashika nafasi ya lugha ya kazi. Shule za watoto wa wafanyakazi zilikabidhiwa mapadre Wabenedikto, waliofika Katanga mwaka 1910 chini ya Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alikuwa askofu. Mtoto alianza kwa Kiswahili, akipanda alikutana na Kifaransa. Kiingereza kikabaki nje ya mlango. Mwanachuo Johannes Fabian ameieleza habari hii katika kitabu chake cha mwaka 1986: kuchagua lugha ya kazini na ya darasani lilikuwa jambo la utawala, kama vile kuchora mipaka ya nchi.

Likasi yenyewe ilipewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mkubwa wa mabenki ya Ubelgiji. Jina la Likasi lilirudishwa mwaka 1966. Katikati ya hapo, mwezi wa Septemba 1961, mji uliona askari wa Ireland, 150 na zaidi, waliokuja kwa jina la Umoja wa Mataifa. Walizingirwa tarehe 13 mpaka 17, wakaishiwa na maji na risasi, wakatekwa. Twawataja kwa sababu moja inayohusu habari yetu: watu wa Ireland husema Kiingereza tangu utotoni, lakini wengi wao hutamka th ya «think» karibu kama t. Wala hakuna asemaye kwamba hawajui Kiingereza. Mwalimu na akumbuke hilo kabla ya kumwaibisha mtoto.

Baada ya uhuru wa 1960 Kiingereza kilipata nafasi yake katika shule za sekondari. Lakini sikio la mji lilikuwa limekwisha kufanywa na Kiswahili na Kifaransa.

Kuna ushahidi mzuri wa jinsi mtu wa Katanga alivyosikia sauti asipofungwa na sheria za shule. Mwaka 1965 André Yav aliandika habari za mji wa Elisabethville kwa niaba ya wale waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, kwa Kiswahili cha huko, akiandika kama asikiavyo. Fabian alipokichapisha kitabu hicho mwaka 1990 ilimpasa kupata msaada wa mzaliwa wa Katanga, asome kwa sauti, ndipo maana itokee. Maandishi yalikuwa ya sikio, na sikio tu liliweza kuyafungua.

JINSI WAINGEREZA WALIVYOHAMISHA IRABU ZAO

Sasa tufike kwenye kiini cha mashaka. Kwa nini «name» isisomwe «na-me»?

Mwaka 597 mtawa Augustino, aliyetumwa na Papa Gregori Mkuu, alifika kuwahubiri Waingereza. Pamoja na Injili watawa walileta herufi za Kilatini. Wenyeji walikuwa na sauti ambazo Kilatini hakikuwa nazo, wakaongeza herufi chache, hata moja ya th iliyotoka katika maandishi yao ya kale. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliishinda nchi, na waandishi waliozoea Kifaransa walianza kuandika Kiingereza kwa desturi yao. Sauti ndefu ya u waliiandika «ou», kama Wafaransa waandikavyo mpaka leo. Neno la nyumba lilitamkwa «huus»; wao waliliandika «house». Mtoto wa Likasi ajuaye Kifaransa akisoma «ou» kama u, asoma kama yule mwandishi wa zamani.

Hata siku zile mambo yalikuwa mepesi. «Time» ilisomwa «tii-me», «name» ilisomwa «naa-me», «moon» ilisomwa kwa o ndefu. Herufi zilifuata sauti karibu kama katika Kiswahili.

Lakini kati ya miaka 1400 na 1700, pole pole, kizazi baada ya kizazi, irabu ndefu zote za Kiingereza zilihama. Ilikuwa kama watu waliopanga vyumba katika nyumba ya ghorofa, mmoja akipanda juu naye wa chini achukua nafasi yake. A ndefu ilipanda hata ikawa «ei»: naa-me ikawa neim. E ndefu ilipanda ikawa i ndefu, kama katika «feet». O ndefu ilipanda ikawa u ndefu, kama katika «moon». Na zile zilizokuwa juu kabisa, i ndefu na u ndefu, hazikuwa na mahali pa kupanda tena. Zikavunjika: tii-me ikawa taim, huus ikawa haus. Mwanachuo Otto Jespersen wa Denmark ndiye aliyeupa uhamisho huo jina lake mashuhuri, katika kitabu chake cha 1909.

Kwa nini maandishi hayakuhama pamoja na sauti? Kwa sababu ya mashine. Mwaka 1476 William Caxton alianza kupiga chapa vitabu huko Westminster. Vitabu vilienea, na macho ya watu yakashikamana na sura ya maneno wakati ule ule ambapo vinywa vilikuwa safarini. Mwaka 1755 kamusi ya Samuel Johnson iliyakaza maandishi zaidi. Hivyo Mwingereza wa leo huandika kama babu zake walivyosema.

Na ile e ya mwisho, isiyosikika? Nayo si mzigo wa bure. Zamani ilisikika: na-me, silabi mbili. Silabi ya kwanza ilipokuwa wazi, irabu yake ilikuwa ndefu, na irabu ndefu ndizo zilizohama. Baadaye e ilikufa mdomoni, lakini karatasini imebaki kama jiwe la kaburi, lionyeshalo ya kuwa irabu iliyotangulia ilikuwa ndefu. Hiyo ndiyo sheria ambayo mwalimu aweza kuiandika ubaoni kwa dakika 5: «hat» na «hate», «bit» na «bite», «hop» na «hope». Bila e, irabu ni fupi nayo haikuhama. Pamoja na e, irabu ilikuwa ndefu, ikahama. Yapo maneno yasiyotii, kama «have» na «come», lakini yaliyo mengi hutii. Mtoto akifahamu hayo, hataona tena fujo. Ataona nyumba ya zamani yenye vyumba vilivyobadilishana wapangaji.

WALIMU WA MWAKA 1886

Shida ya herufi 5 kwa sauti 20 haikuwasumbua Waafrika tu. Mwaka ule ule wa 1886 ambao Arnot alifika Bunkeya, walimu wachache huko Paris, wakiongozwa na Paul Passy, walianzisha chama kwa ajili ya shida hiyo hiyo: jinsi ya kuwafundisha watoto wa Kifaransa matamshi ya Kiingereza. Waliona ya kuwa mtoto akionyeshwa maandishi kwanza, jicho humdanganya sikio. Shauri lao lilikuwa kutumia alama nyingine darasani, kila alama kwa sauti moja tu. Mwaka 1888 alfabeti yao ilitoka, nayo ndiyo ile ambayo kamusi nyingi hutumia mpaka leo kuonyesha matamshi. Daniel Jones wa London aliitumia katika kamusi yake ya matamshi ya mwaka 1917.

Sheria ya chama hicho, alama moja kwa sauti moja, ndiyo sheria ya Kiswahili. Kwa hiyo mwanafunzi wa Likasi hahitaji kwanza kujifunza alama ngeni. Mwalimu aweza kumwandikia matamshi kwa herufi za Kiswahili, «neim», «taim», «haus», «muun», kama hatua ya kwanza, kisha aongeze alama chache kwa sauti ambazo Kiswahili hakina. Kiswahili ni daraja lililokwisha kujengwa. Kwa nini tulivuke bonde kwa kuogelea?

KONSONANTI, MOJA MOJA

Irabu ni kazi ya sikio. Konsonanti ni kazi ya ulimi na midomo, na hapo mwalimu aweza kuonyesha kwa macho. Tupite upesi katika zile zinazoleta taabu Katanga.

L na R. Kiluba na Kibemba havina r. Ndiyo maana husikika «lafiki» kwa rafiki. Kwa Kiingereza kosa hilo hugeuza maana: «rice» ni wali, lakini «lice» ni chawa. Mwalimu amwonyeshe mtoto ya kuwa katika l ncha ya ulimi hugusa juu ya meno, na katika r ya Kiingereza haigusi kitu. R ya koo ya Kifaransa ibaki katika somo la Kifaransa.

S na SH. Katika Kibemba s ikifuatwa na i huwa sh. Kwa hiyo «seat», kiti, yageuka «sheet», shuka ya kitanda. Dawa yake ni kuanza na maneno ambayo s hufuatwa na a au o, kisha kuikaribia i pole pole.

Z na V. Kibemba hakina hizo, huweka s na f. Mtoto aweke kidole kooni: aseme s, koo latulia, aseme z, koo latetemeka kama nyuki ndani ya mzinga. Halafu f na v vivyo hivyo. Jaribu hilo halihitaji kitabu.

H. Kiswahili kinayo, Kifaransa hakiitamki. Mtoto wa Likasi aliyesema «habari» vizuri asubuhi, saa 4 darasani asema «ouse» kwa «house» na «e» kwa «he». Akumbushwe tu Kiswahili chake.

TH. Hapa pwani yatusaidia. Mswahili wa Unguja au Mombasa anazo mbili, ya «thamani» na ya «dhahabu», alizozipata katika Kiarabu, nazo ni zile zile za «think» na «this». Katika Kongo zilipotea njiani: dhambi ikawa zambi. Mwalimu amrudishie mtoto Kiswahili cha pwani, ncha ya ulimi kati ya meno, na kioo kidogo mkononi ili ajione.

NG. Wafaransa hutaabika na mwisho wa «sing». Mtoto wetu ana ng'ombe. Amwite ng'ombe, akatishe neno mwanzoni, sauti i pale pale.

P, T, K. Kifaransa huzitoa bila pumzi. Mwingereza akianza neno kwazo hupuliza. Shika kipande cha karatasi nyembamba mbele ya midomo na useme «pen»: karatasi iruke. Ndiyo ile p ya «paa» mnyama aliyoisikia Padre Sacleux.

Mwisho wa neno. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, na konsonanti zikisongamana huongezewa irabu katikati. Ndivyo «bicycle» ilivyokuwa baisikeli, na «motor-car» ikawa motokaa. Kukopa namna hiyo si kosa, ni haki ya kila lugha. Lakini ndani ya Kiingereza irabu ya ziada humpoteza msikilizaji, na konsonanti iliyomezwa humpoteza zaidi: «bag», mfuko, na «back», mgongo, hutengwa na sauti ya mwisho peke yake.

Na mkazo je? Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu daima. Kifaransa hukaza mwisho. Kiingereza hukaza popote kitakapo, na silabi zisizokazwa irabu zake hufifia kama moto wa makaa chini ya majivu, kama mwisho wa «teacher». Basi kila neno jipya lifundishwe pamoja na mkazo wake, kama mtu afundishwavyo jina pamoja na ukoo.

KWA NINI TUSUMBUKE?

Mtu aweza kuuliza: mtihani wa Serikali ni wa maandishi, kwa sehemu kubwa ni kuchagua jibu, matamshi yana faida gani? Twajibu: maisha si mtihani wa kuchagua jibu. Kutoka Likasi barabara yapita Lubumbashi yaenda Kasumbalesa, na ng'ambo ya mpaka ni Zambia, ambako ofisi, hospitali na mahakama hutumia Kiingereza. Vijana wetu hupita hapo kwa biashara, kwa kazi ya magari, kwa masomo. Mwenye cheti chenye alama nzuri za Kiingereza, asiyeweza kusikia tofauti ya «fifteen» na «fifty», yaani 15 na 50, atapata hasara katika fedha yake mwenyewe. Jambo hilo la bei ni irabu, mkazo na konsonanti ya mwisho tu.

Iko hasara nyingine kubwa zaidi, nayo ni ya moyo. Mtoto aliyechekwa mara tatu hunyamaza, na anyamazaye hajifunzi lugha. Mwalimu naye mara nyingi amesomea Kiingereza katika vitabu, bila kusikia wenyeji wake. Darasa lake ni kubwa, na chaki ni chache. Siku hizi simu ya mkononi yaweza kumsomea neno kama mwenyeji alitamkavyo, naye aitumie kwa furaha. Lakini simu husema tu neno ni hivi. Haiwezi kumwambia mtoto kwa nini yeye alisema vile. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua mtoto ametoka wapi.

Hivyo shauri letu ni hili. Sikio litangulie jicho: watoto wasikie neno na kulisema kabla ya kuliona ubaoni, kama wale Waswahili wa kale waliosoma vema kwa sababu walijua lugha kwanza. Mafunzo ya konsonanti yaanzie katika Kiswahili, ambacho kimevaa herufi za Kiingereza tangu siku za Steere. Mafunzo ya irabu yaelezwe kwa historia, ili mtoto ajue ya kuwa sheria ipo, nayo ina sababu. Kifaransa kisifukuzwe, maana nacho chasaidia: sauti ya «peur» yakaribia ile ya «hurt», na «ou» yaeleza «house». Na Kisanga, Kiluba na Kibemba zisiitwe kizuizi, kwa kuwa mwalimu azijuaye atajua mapema ulimi utakwama wapi.

Wazee husema: mwacha asili ni mtumwa. Zamani watoto wengi wa Afrika waliadhibiwa shuleni kwa kusema lugha za nyumbani, kana kwamba elimu ni kibanda chembamba ambamo lugha moja huingia kwa kuitoa nyingine. Historia ya herufi yatuonyesha kinyume. Kiingereza kimeandikwa kwa herufi za Kilatini na desturi za Kifaransa. Kiswahili kimeandikwa kwa irabu za Kiitaliano na konsonanti za Kiingereza. Hakuna lugha iliyojivika yenyewe. Samaki mkunje angali mbichi: ulimi wa mtoto wa miaka 13 ungali mbichi, wakunjika upesi, mradi mkono unaoukunja uwe mpole.